Eda ya Mke wa Mtia Makaa

Ujumbe ulinikuta kwenye treni, natoka kazini Merrylands kurudi kwangu Lidcombe, miguu imevimba na harufu ya dawa ya sakafu bado imo puani. Dada anayetuandalia hitima kila Shaabani alikuwa ameandika kwenye kundi letu: jamani, leteni majina ya marehemu wenu kabla ya Alhamisi, jina na jina la baba, msisubiri mpaka wali uko kwenye sinia. Majina yakaanza kumiminika. Wengine walituma matano, wengine thelathini, na mmoja kwa haraka zake akamtia shangazi yake aliye hai kule Mwanza. Watu wakacheka, akamfuta. Mimi nilizima simu nikaitia mkobani.

Miaka ishirini na mbili niko Sydney na sikuwahi kutuma orodha. Kila mwaka namwomba yule dada anisomee wazee wangu kwa jumla, Mungu anawajua kwa majina. Wenzangu wanadhani ni uvivu, nami nimewaacha wadhani hivyo. Kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, naandika kutwa: nani amekula, nani amekataa dawa, bibi wa chumba cha nne ameamkaje. Kalamu hainishindi. Kinachonishinda ni orodha ya maiti, na sababu yake sikuwahi kumwambia mtu mpaka wiki ile. Wewe nitakuambia, maana tumejuana siku nyingi na najua hutanionea huruma ya bure.

Nililelewa na Bibi, mama yake baba, Ngamiani kule Tanga. Baba na mama walikuwa kwenye mashamba ya mkonge, wakija mwisho wa mwezi na zawadi ya sukari. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na chokaa, baraza mbele, ua nyuma. Nikifumba macho sasa hivi nasikia mbuzi ya nazi ikikwaruza kabla jua halijachomoza, nasikia ndoo zikigongana bombani, na Bibi akininung'unikia kwamba nafagia ua kama ninayeupaka rangi. Alikuwa mwanamke mkali, mwembamba, mwenye mkono mzuri wa kupika. Mkate wake wa kumimina watu waliuagiza mtaa wa tatu huko. Alikuwa akisema kwamba chakula ndicho shahidi pekee asiyesema uongo: kimeiva au hakikuiva.

Kazi iliyokuwa yangu peke yangu ilikuwa ya Ijumaa asubuhi. Bibi alivuta sanduku kutoka mvunguni, akatoa kanzu mbili, kikoi, kofia aliyoishona mwenyewe, na shati moja la kazi lenye madoa meusi yasiyotoka. Mimi nilizianika juani nguo zile, kisha nikazitandaza juu ya tenga, chini yake chetezo cha udi, nikakaa kuchunga zisiungue. Zilikuwa nguo za Babu. Babu alikuwa safarini. Ndivyo tulivyofundishwa kusema, na mtoto aliyeteleza akasema "marehemu Babu" alichapwa kofi la mdomo hapo hapo, asiulize kwa nini.

Safari yenyewe ilikuwa ya wakati wa vita vya pili, kabla hata baba yangu hajaota meno. Babu alikuwa mtia makaa kwenye meli ndogo ya kijeshi. Habari za meli ile nilizipata kwa jirani wa mbele, fundi wa majiko ya pampu, aliyewahi kufanya kazi ya kamba humo humo. Kilichomwokoa ni jipu. Siku ya mwisho ya meli alikuwa na jipu la paja, daktari akamwacha nchi kavu. Watoto wa mtaa tulimwita Mzee Jipu nyuma ya mgongo wake, na nadhani alijua.

Kwa maelezo yake, ilikuwa meli ya kuvulia samaki kwenye bahari za baridi huko Uingereza. Vita vilipoingia ikanyang'anywa nyavu zake, ikafungwa mzinga mmoja mbele na nyaya nyuma, ikapakwa rangi ya majivu, ikaletwa kwetu kufagia mabomu yaliyotegwa majini mbele ya bandari. Jina lake la Kizungu lilikuwa la kuuma ulimi. Mjini waliiita Birika, kwa kuwa ilikuwa fupi, nene, na ilitoa moshi kwa kelele nyingi kuliko kazi yake. Ndani kulikuwa na joto la kuivisha mtu. Watia makaa walipokezana chini, wakipanda juu kupumua kwa zamu, na nahodha Mzungu alikuwa na mbwa mdogo mweupe aliyelala kivulini chini ya turubai na kula nyama ya kopo. Jirani alimwigiza mbwa yule vizuri sana. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Wake za mabaharia walikuwa na utaratibu wao. Moshi wa Birika ukionekana nyuma ya kisiwa chenye mnara wa taa, mtu anabandika wali, maana mpaka wali uive mume amekwishafika mlangoni. Siku ile Bibi alikuwa ameswali alasiri, akatoka uani, akauona moshi. Mweusi, mnene, pale pale unapotokea siku zote. Akabandika wali. Wali ukaiva, ukapoa, ukalala.

Hii ndiyo hoja aliyoishika maisha yake yote. Ilikuja barua ya serikali ya wakati ule, mistari mitatu, ikisema mumewe hajulikani alipo. Hajulikani alipo si kufa, alisema Bibi, na moshi niliuona kwa macho yangu. Mtu aliyefika kisiwani amefika. Labda meli iligeuzwa njia. Labda walitekwa. Kadhi alimwita baada ya miaka minne akamwambia sheria inamruhusu kukaa eda na kuolewa tena. Alikataa. Posa zikaja tatu, moja ya mtu mwenye nyumba ya mabati mwambao wa bandari, akazirudisha zote kwa neno moja kwamba mke wa mtu haposwi. Watu wakamwacha hivyo, si mke si mjane, mpaka mwanawe akakua, akaoa, akanizaa mimi.

Sasa, hitima. Kila Shaabani Bibi alipika pilau ya kuwarehemu wazee. Wanaume walikaa barazani na chumba cha mbele, mwalimu wa chuo cha Kurani akiongoza, wanawake uani. Baada ya kisomo mwalimu alisoma majina ya marehemu wa nyumba, kisha dua, kisha masinia. Majina yalihitaji kuandikwa, na mimi mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa watoto wote wa nyumba ile. Tangu nina miaka minane Bibi alinikalisha kwenye kigoda, akanipa karatasi ya daftari na kalamu ya wino, akanitajia jina mojamoja huku akichambua mchele. Yalikuwa majina kumi. Sidhani kama nimewahi tena kujiona mtu muhimu kiasi kile.

Mwaka niliotimiza miaka kumi, wiki moja kabla ya hitima, Bibi alinituma kwa jirani na jiko letu lililoziba. Nilimkuta peke yake kizingitini, anazibua tundu kwa sindano. Mimi na udadisi wangu nikamuuliza kama Babu akirudi atakuja kwa meli au kwa ndege. Akaiweka sindano chini.

"Babu yako haji, mwanangu," alisema. "Siku ya tatu walileta gatini mbao za Birika, na koti la mpishi. Nilivishika kwa mikono yangu. Tukaambiwa atakayesema atafungwa, ni siri ya vita. Vita vikaisha, siri ikabaki mdomoni. Usimwambie Bibi yako."

Sikumwambia. Lakini usiku ule na siku zilizofuata nilimfikiria Babu. Mwalimu wetu wa chuo alikuwa ametufundisha kwamba maiti asiyesomewa ni kama mgeni aliyekalishwa kando ya sinia asikaribishwe. Nikahesabu miaka: zaidi ya thelathini Babu amekaa kando, anaona wenzake kumi wanakula. Nilikatazwa kusema, kuandika sikukatazwa. Ndivyo nilivyojipatia fatwa. Bibi alipomaliza kunitajia majina akanyanyuka kwenda kutazama moto, nikaandika la kumi na moja, kwa mwandiko wangu mzuri kupita yote, nikakunja karatasi.

Siku ya hitima Bibi alikuwa ukumbini nyuma ya pazia, anapakua. Mimi nilishika masinia. Mwalimu akasoma majina kwa sauti yake ya puani, jina baada ya jina, na Bibi akipakua kwa mwendo ule ule. Likafika la kumi, likapita. Mwalimu naye alikuwa mgeni mtaani, hakujua habari za Babu. Akasoma la kumi na moja, jina la Babu na jina la baba yake, akaingia kwenye dua.

Mwiko ulisimama. Punje za pilau zilikuwa zinadondoka kutoka mwikoni kurudi sufuriani na Bibi hakuziona. Kisha akaendelea kupakua. Wageni wakala, wakanawa, wakapewa kahawa na kashata, wakasifu, wakaondoka. Alipotoka wa mwisho akaniuliza ni nani aliyeandika. Nikasema mimi. Akaniuliza nani kaniambia. Nikanyoosha kidole ng'ambo ya njia.

Bibi hakuvaa hata buibui. Alivuka na kanga zake za jikoni, nami nyuma yake. Jirani alikuwa bado hajakaa vizuri, ndiyo kwanza ametoka kula kwetu.

"Ulimwona?" Bibi akamuuliza.

"Yeye sikumwona. Niliona mbao."

"Lini?"

"Siku ya tatu."

"Miaka yote hii unakula pilau yangu," alisema Bibi, akageuka.

Kesho yake alitangaza kwamba anakaa eda. Baba aliitwa kutoka shambani, akaja amenuna, anaona haya. Majirani walisema ya kusema: kizuka wa mume aliyepotea miaka thelathini na kitu, sasa kilichobaki ni kupiga tarumbeta. Mwalimu wa chuo akaja kumweleza kwa upole kwamba eda huhesabiwa tangu siku mume alipofariki, habari zichelewe zisichelewe, kwa hiyo yake imekwisha zamani, hadaiwi kitu.

"Imekwisha kwa nani?" Bibi alimjibu kutoka nyuma ya pazia. "Mimi sijaikaa."

Akaikaa miezi minne na siku kumi, bila kupunguza hata moja. Alivaa nguo nyeupe, hakutoka nje ya mlango, hakujifukiza, hakujipaka wanja wala hina. Kioo cha ukumbini kiligeuzwa ukutani. Ijumaa zangu zikawa hazina kazi. Nyumba yote ikapoteza harufu yake, na mpaka leo nikinusa udi wowote, wa ghali au wa rahisi, kinachonijia kwanza ni nyumba ile bila udi. Mimi ndiye niliyempelekea maji na chakula. Hakunigombeza hata siku moja. Laiti angenichapa, ningejua deni langu limelipwa. Alikuwa akipokea sahani, akisema ahsante, kama unavyomwambia mtoto wa watu.

Alipotoka eda aliitisha sanduku. Kanzu, kikoi na kofia akampa mwalimu awape wanaostahili. Shati la kazi alilifua mwenyewe mara tatu, madoa yakakataa, akachukua mkasi akalikata matambara ya kushikia sufuria. Tulishikia sufuria matambara yale mpaka yakachakaa. Jirani alifunga mlango wake, akahamia kwa mwanawe Korogwe kabla ya mwaka kwisha, na hitima zetu hakuzila tena.

Shaabani iliyofuata nilikaa kwenye kigoda na karatasi yangu. Bibi akaichukua kalamu mkononi mwangu akampa binamu yangu, ambaye herufi zake zilitambaa kama siafu. Mimi nikaambiwa nikachambue mchele. "Mkono wako una haraka," alisema, na hakurudi tena kwenye habari ile. Aliishi miaka sita zaidi, na kalamu haikurudi kwangu. Alipokufa nilikuwa bweni. Jina lake likaandikwa na binamu.

Hayo ndiyo niliyomweleza binti yangu jioni ile ya ujumbe. Ana miaka ishirini, anasoma chuo, Kiswahili anakielewa chote lakini akifungua mdomo kinatoka Kiingereza. Alikuwa ameuona ujumbe kwenye simu yangu, akasema nimtajie majina ayaandike yeye, mimi nipumzike. Nikamtajia kumi, likafika la kumi na moja, nikainuka kutafuta vitunguu. Akauliza. Nikaanza kusimulia huku nikimenya vitunguu, ili machozi yawe na kisingizio.

Watoto wa sasa hawajui kusikia jambo wakaliacha. Kabla sijamaliza alikuwa amekwishatafuta. Jina la Kizungu la meli nililikumbuka kwa matamshi ya jirani, akalijaribu hivi na hivi, akaipata.

"Mama," alisema. "There's a whole page."

Nikafuta mikono nikasoma. Kila kitu kimo. Ilijengwa wapi, na nani, uzito wake, mzinga wake. Mpaka kina cha maji ilipolala kimo, maana wazamiaji wa starehe huenda kuitazama wakapiga picha. Mahali ilipozama palijulikana siku ile ile, na siku ile ile iliandikwa kwamba hakupona mtu. Siku ile ile, ndugu yangu. Barua ya mistari mitatu waliiandika baada ya miezi miwili, nao wanajua. Chini kuna majina ya nahodha, msaidizi wake na mhandisi, umri wao, wazazi wao, miji yao. Kuna picha ya mbwa, na jina lake. Kisha mstari mmoja: pamoja na mabaharia Waafrika.

Nilidhani hapo ndipo penye uchungu, mpaka nikafika kwenye saa. Ukurasa unasema meli iligonga bomu nyuma ya kisiwa chenye mnara wa taa, alasiri, inarudi bandarini. Mshindo haukumshtua mtu, kwa kuwa kazi yao ya kila siku ilikuwa kulipua mabomu. Makaa yakashika moto, na moshi mweusi ukaonekana mjini kwa muda wa nusu saa.

Moshi alioutazama Bibi, aliokuwa akituapia, uliomfanya arudishe posa tatu, haukutoka kwenye bomba la meli. Alimbandikia Babu wali kwa moshi wa kufa kwake. Bibi alikwenda kaburini bila kujua hilo, na katika habari yote hii hilo ndilo jambo pekee ninaloshukuru.

Binti yangu alinishika bega. "So you were right, Mama," akasema. "You were a kid and you were right."

Nikamwambia ndiyo, nilikuwa sahihi. Nilikuwa na miaka kumi, nilikuwa sahihi, na nilimnyang'anya mwanamke mumewe kwa kalamu ya wino. Wale waliokuwa na taarifa kamili, na mihuri, na mashine za kupigia chapa, hawakumwambia. Jirani aliyeshika mbao hakumwambia. Ilibidi aambiwe na mjukuu, mbele ya wageni, mwiko uko mkononi. Na mimi ndiye niliyepokonywa kalamu. Nimebeba aibu ya ofisi nzima miaka hamsini kasoro, nikidhani ni yangu.

Alitaka awaandikie wenye ukurasa waliongeze jina. Kuna fomu. Fomu inauliza ushahidi ni upi, cheti au hati. Ushahidi wetu ni karatasi ya daftari iliyosomwa mara moja Ngamiani, na matambara ya sufuria. Ameijaza hata hivyo. Mpaka leo hawajajibu.

Jumatano usiku nilichukua karatasi, nikaandika orodha kwa mkono wangu, nikaipiga picha nikaituma. Nilianza na Babu. Jumapili tukakutana kwenye ukumbi tunaoukodisha karibu na stesheni, viatu vimejaa mlangoni, watoto wanakimbizana kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake wenzangu, tunapakua pilau kwenye sahani za karatasi. Kijana anayesoma majina alisoma kutoka kwenye simu, haraka haraka, maana majina yalikuwa zaidi ya mia mbili na ukumbi una saa zake. Likaja jina la Babu. Niliacha kupakua, nikatazama pande zote.

Hakuna mwiko uliosimama. Mmoja alikuwa anacheka, mwingine anaomba apitishiwe kachumbari, sahani zinakwenda. Jina lilisomwa sawasawa, jina na jina la baba yake, likapita, likafuatwa na la mtu mwingine. Kwa Bibi peke yake jina lile lilikuwa la mtu anayekuja kula. Nikashika mwiko wangu nikaendelea kupakua.